Arobaini kwenye Njia ya Kisimani

1

Mchoro wa kituo cha Kwa Mpogo ulipopigiwa makofi, nguo zangu zilikuwa bado zinanuka udi wa msibani. Nilikuwa nimerudi kazini asubuhi hiyohiyo. Nikachagua kiti cha nyuma, nikawatazama wataalamu wa Mamlaka ya Nyayo wakipongezana. Hawa ni wataalamu wa miguu ya watu, lakini safari yao ndefu kuliko zote kwa miguu yao wenyewe ni kutoka garini mpaka kwenye lifti, na siku lifti ikiharibika mkutano unaahirishwa.

Mchoro ulielea juu ya meza: majukwaa mawili, paa la kukinga mvua, ngazi pana, na daraja la waenda kwa miguu lililoruka reli na kutua mbele ya ghala la saruji. Mkurugenzi wetu, Dakta Gervas Mapalala, aliuzunguka polepole, mikono nyuma. Akasema uzuri wa mchoro ule ni kwamba hakuna binadamu aliyeuchora. Hilo hulisema kila kituo kipya kinapozinduliwa, kisha husubiri watu watikise vichwa, nao hutikisa.

Ni kweli, hakuna binadamu aliyeuchora. Siku hizi kabla kituo hakijajengwa tunamwaga chenga, unga laini wa kijivu unaochanganyika na mchanga wa njiani. Kila punje ni sikio. Ukiikanyaga inajua uzito wako na mwendo wako, unakotoka na unakoelekea, na inaipasha habari punje ya jirani mpaka habari ifike kwenye Mtambo. Kazi hiyo huchukua wiki moja, nayo tunaiita Wiki ya Kusikiliza. Wiki ikiisha Mtambo unaamua geti likae wapi, ngazi iwe na upana gani, daraja litue wapi na uzio upite wapi. Mikutano ya wananchi ilifutwa zamani. Wakubwa walisema wananchi hudanganya kwa midomo lakini kwa miguu hawawezi, na kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wakisinzia kwenye mikutano hiyo, hakuna aliyepinga.

Nikaitafuta Njia ya Kisimani. Nimezaliwa hapo. Ni njia ya mchanga inayoshuka kutoka katikati ya nyumba mpaka relini, inavuka, inapanda upande wa pili kwenye shule, zahanati na soko. Mtaa mzima unapita hapo tangu reli ikiwa ya treni za mizigo. Kwenye mchoro haikuwepo. Mahali pake palipakwa rangi ya kijani, maana yake majani. Hapakuwa na daraja, hapakuwa na geti, na kilichonifanya nisimame ni kwamba hapakuwa na uzio pia. Mtambo ni bahili kupita kiasi. Haujengi uzio mahali ambapo haukusikia mguu.

Treni za reli hii mpya hazingurumi. Zile za haraka hazitasimama Kwa Mpogo, zitapita tu, na ukiiona moja ujue imeshafika. Na pale Kisimani, wanapovuka watoto wa shule huku wakisukumana na kupokonyana mikoba, sisi tungewaachia pengo wazi lenye majani mazuri.

"Mhandisi Sikudhani," Mapalala akasema, "una swali, au umesimama kwa heshima?"

Nikauliza Njia ya Kisimani imekwenda wapi. Mtu wa takwimu akanijibu, tena kwa upole wa kumwelewesha mgonjwa, kwamba Wiki ya Kusikiliza njia hiyo ilikuwa kimya. Wakazi wote walizunguka kwa ghala la saruji. Akasema Mtambo umegundua kuwa watu wa Kwa Mpogo wanapenda kutembea pembeni mwa ukuta, huenda kwa ajili ya kivuli. Wenzake wakaandika.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu kwa niaba ya kila aliyekuwa mle chumbani. Wiki hiyo ndiyo aliyofariki baba yangu, Mzee Shomvi, muuza magodoro wa Kariakoo. Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya reli, na uwanja wetu ndiyo hiyo njia. Turubai lilifungwa kutoka ukuta wetu mpaka ukuta wa jirani, viti vikajaa njiani, na mtaa ukafanya kile ambacho mtaa wowote wenye adabu hufanya. Hakuna aliyekatisha mbele ya wafiwa akienda zake kazini; walizunguka kwa ghala, na watoto wakati huo walikuwa likizo. Tanga likaanuliwa, turubai likabaki, kwa sababu mwenye turubai hajawahi kuja kulichukua mpaka apate mteja mwingine. Ndiyo ikawa wiki nzima ya adabu, na Mtambo ukaiandika kuwa ni mapenzi ya ukuta wa saruji.

2

Nilimfuata Mapalala ofisini kwake nikamweleza yote. Nilitegemea ashtuke. Alichofanya ni kuniuliza kwa nini hatukuomba kibali cha hafla.

Sheria ipo, na naijua. Turubai lolote kwenye njia ya umma linahitaji kibali, na mahali penye kibali Mtambo hupafumbia jicho. Hauhesabu nyayo za hapo, unachukulia kwamba mambo yako kama ulivyokuwa ukiyajua. Tungekuwa na kibali siku ile, Mtambo ungekumbuka Kisimani ya siku zote na tungepata daraja letu. Lakini mtu anakata roho alfajiri, mchana watu wamejaa, unataka nani aende kupanga foleni ya kibali? Walioandika sheria ile bila shaka hufiwa kwa ratiba.

"Kwa hiyo kosa ni la familia yako," Mapalala akasema.

Nikamwambia sawa, likae kwa familia yangu, ila mchoro usahihishwe. Akacheka kidogo. Mchoro hausahihishwi kwa maneno. Imebaki Siku ya Kuhakiki, siku moja tu, chenga zitakaposikiliza kwa mara ya mwisho. Nyayo zikitofautiana sana na mchoro, mchoro unaanguka na kazi inaanza upya. Hilo akalitamka kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa, kwani mchoro wake hata mmoja haujawahi kuanguka, na kuna cheo wizarani anachokinyemelea kwa sababu hiyo. Kisha akatulia, akatazama kalenda ya ukutani.

"Arobaini ya mzee inaangukia lini?"

Alikuwa ameshahesabu mwenyewe.

Akaanza kuongea kwa sauti laini, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mamlaka haikutoa rambirambi ya maana, na hilo linamsumbua. Mamlaka italeta ng'ombe, mchele, turubai jipya na wapishi, arobaini ya kukumbukwa, palepale nyumbani kwa marehemu, na ifanyike hiyohiyo Siku ya Kuhakiki. Na safari hii, akasema, tufuate sheria, tuchukue kibali.

Yaani Kisimani isisikike mara ya pili, Mtambo ushikilie kimya cha wiki ile, sasa kwa halali, na kwa pilau. Nilimuuliza kama anajua kuwa watoto watagongwa pale.

"Watajifunza," akasema. "Mikondo hujirekebisha."

Huwa hasemi watu. Kwake watu ni mikondo, na mkondo hauna mama wala daftari la hesabu mgongoni. Nilimwambia arobaini ya baba yangu haitakuwa pazia la kazi mbovu ya mtu yeyote, nikatoka. Jioni nikaenda kwa mama, nikamwomba tuisogeze mpaka Ijumaa ya wiki itakayofuata Siku ya Kuhakiki. Sikumweleza sababu, naye hakuniuliza. Nikarudi kwangu nikijiona mjanja, kwani Siku ya Kuhakiki njia ingekuwa wazi, watu wangepita kama kawaida yao, na mchoro wa Mapalala ungejiangukia wenyewe.

3

Siku ya Kuhakiki nilipangiwa upande wa ghala la saruji. Zamu hizo huwa ni kupita na kishikwambi mkononi ukitazama ardhi inavyosikia: mguu ukikanyaga, inawaka nukta ya njano kwenye kioo, nukta zikizidi zinakuwa mstari. Kule ghalani hapakuwa na mstari. Walipita walinzi, akapita mbuzi, ambaye Mtambo ulimtambua baada ya kusitasita. Mapenzi ya ukuta yalikuwa yamekwisha, nikatabasamu peke yangu. Nikaukata mtaa kwenda kuona Kisimani inavyowaka.

Kisimani haikuwaka. Kioo kilionyesha rangi ya kijivu kutoka nyumba za katikati mpaka reli. Nikainua macho, nikaona turubai jeupe, jipya, lenye nembo ya Mamlaka kila kona, na masufuria ya shughuli yamepangwa juu ya mafiga. Pilau lilikuwa limeshaanza kunukia.

Baba mdogo Mkadamu alikuja kunipokea kwa kanzu na koti, uso unang'aa. Akaniambia Mkurugenzi alikuja mwenyewe, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka kama mtoto wa nyumbani, akasema Mamlaka imeguswa sana na kazi yangu na inataka kumheshimu aliyenizaa siku yake hasa ya arobaini, ila mimi nisiambiwe mapema. Nani angemkatalia mtu wa namna hiyo? Kibali wakakiandika kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto mkubwa. Walihitaji namba yangu ya kitambulisho tu, naye akawapa. Alidhani ameniletea furaha. Alikuwa na furaha yeye, na ilinikera kwamba siwezi kumkasirikia, kwani mtu huyu maisha yake yote hajawahi kukaribishwa na mkubwa yeyote hata kwa glasi ya maji.

Mapalala alikuwa amekaa safu ya mbele. Kanzu yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani, na tasbihi aliishika kama funguo za gari. Nusu ya ukoo wa baba unaishi upande wa pili wa reli, na walikuwa wakishuka kwa makundi, wanavuka, wanapanda, wanasalimu, wanakaa. Nikiwa bado nimesimama, watoto wa shule wakaja. Watoto hawana habari na heshima za wafiwa. Walipita chini ya kamba za turubai, wakakatisha kati ya viti, wakafika relini mbio, wakavuka bila kutazama kushoto wala kulia, kwa sababu treni wanazozijua hupiga kelele kutoka mbali. Nikatazama kioo. Kijivu. Mtambo haukusikia hata mmoja wao.

Kibali kwa jina langu maana yake ni mimi tu ninayeweza kukifuta. Kikifutwa, hafla inakuwa haramu papo hapo: chakula hakipakuliwi, wageni hawana budi kutawanyika. Na kuna sheria nyingine, ambayo tuliitunga sisi wenyewe tukajisifu nayo. Siku ya Kuhakiki mtumishi wa Mamlaka haruhusiwi kumweleza mpita njia kwa nini apite, wala apite wapi. Akifanya hivyo, nyayo za wote waliosikia zinatupwa. Kwa hiyo ningeweza kuwafukuza watu kwenye arobaini ya baba yangu, ila nisingeweza kuwaambia sababu. Mapalala alijua hivyo. Alinitazama akanipungia mkono, kidogo tu, mkono wa kunikaribisha kwenye shughuli yangu.

Nikaingia ndani kwa mama. Mama alikuwa edani, hatoki, na asiyetoka hana nyayo za kuhesabiwa. Katika mtaa mzima, mtu pekee niliyeruhusiwa kumweleza ni yeye.

Alikuwa amekaa kitandani, nguo nyeupe, dirisha limefungwa nusu. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia turubai la kwanza. Nilimweleza juu ya pengo na treni zisizonguruma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wasomi wote," akasema, "hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza hapa pana nini?"

"Hakuna, mama."

"Hata wewe?"

"Mimi nilikuwa humu ndani na wewe, mama. Nilikuwa nalia."

Nje mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti. Mama akauliza kama wakwe wameshafika, nikamwambia wamefika. Akauliza kama mashangazi wa ng'ambo ya reli wamekuja, nikamwambia wamekuja wote. Nikatamani mtu mwingine ndiye awe mhandisi, mimi niwe mtoto wa marehemu tu, nikakae na wanawake wenzangu nichambue mchele.

"Mbele ya ndugu zake wote," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kafanye. Lakini ukishafanya, usiingie humu kuniomba radhi."

4

Nilikifuta kibali nikiwa nimesimama kizingitini, nikaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Mapalala alikuwa ameshasikia simu yake ikilia. Akainuka, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba nafikiri ninamkomoa yeye kumbe ninamvua nguo marehemu.

"Hawa ni watu wako, Mhandisi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Kwako wewe ndio mikondo."

Nikawaambia watu kwamba arobaini ya baba yangu haipo leo. Nikasema kibali nimekifuta mimi mwenyewe, kwamba chakula hakitapakuliwa, na kwamba naomba kila mmoja aende zake. Sikuongeza neno. Mapalala alikuwa ananitazama mdomoni, akiomba nijisahau nitamke reli, au Kisimani, au watoto. Nikafunga kipaza sauti.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Maalim alifunga msahafu wake, akaufunika kwa kitambaa. Wapishi walitazamana, miiko mikononi. Baba mdogo alivua kofia akaitazama ndani, akatafuta mahali pa kukaa ilhali viti vimejaa tele nyuma yake. Kisha shangazi yangu mkubwa akainuka, akajifunga khanga vizuri, akanipita karibu sana.

"Shomvi kazaa kweli," akasema, si kwangu, kwa hewa tu.

Nao wakaondoka. Hakuna aliyezunguka kwa ghala. Mwenye hasira haoni sababu ya kuwa na adabu, na tena mfiwa mwenyewe alikuwa amewafukuza. Walikatisha katikati ya viti, wakashuka Kisimani, wazee, wanawake na beseni tupu, wanaume wa ukoo wa ng'ambo wakikanyaga mchanga kwa nguvu kuliko ulivyostahili. Kwenye kishikwambi rangi ya kijivu ikayeyuka. Nukta za njano zikatokea moja moja, zikaungana, zikawa mstari mnene ulioshuka relini na kupanda ng'ambo. Kila mguu ulionidharau ulihesabiwa. Watoto wa zamu ya mchana walipofika na kupita humohumo, nao wakahesabiwa.

Askari wa hafla walikuja wakafunga masufuria kwa mihuri, wakayapakia garini, pilau lote, na wakaandika jina langu kwa faini. Mapalala hakuwasubiri. Aliondoka na kanzu yake akiwa ameinua pindo lisishike mchanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alitembea mwendo mrefu, kwa sababu dereva alikuwa ameegesha mbali. Chenga zilimhesabu na yeye, nukta moja ya njano miongoni mwa nyingine.

Alasiri Mtambo ukatoa neno. Mchoro wa Kwa Mpogo umeanguka. Pengo la Kisimani limeandikwa kuwa kivuko kikuu cha kituo, na hakuna treni ya haraka itakayoruhusiwa kupita mpaka pawe na daraja na uzio pande zote. Nilikisoma kile kioo mara moja, nikakizima. Ungedhani ningefurahi. Nilichoona ni safu za viti vitupu na majivu ya mafiga mahali ambapo watu walikuja kumwombea baba yangu wakarudi na njaa, na nilijua kwamba mtaani kwetu nitasimuliwa kwa kisa hiki mpaka nizeeke, na sehemu ya Mtambo haitakuwemo.

Nikaenda kukaa chini barazani, kando ya mlango wa mama. Ulikuwa umefungwa. Sikubisha, kwa kuwa aliniambia nisiingie. Nilikaa mgongo ukiwa ukutani nikitazama watu wanaopita, na wote walipita bila kunisalimu.

Ndipo nikamsikia ndani. Alikuwa ameanza kumsomea baba Yasini, peke yake, kwa sauti ya kukwaruza, bila maalim na bila wa kumwitikia. Nilivumilia aya mbili tatu. Kisha nikajikuta nasoma naye, kwa chini, nikiamini hanisikii.

Mama akanyamaza. Nikanyamaza na mimi, nikainama, nikajua sasa nafukuzwa hata barazani. Kisha akakohoa, akasogea, nikasikia kitanda kikilia na miguu yake ikija mpaka karibu na mlango. Hakuufungua. Alikaa chini upande wake, akairudia sura kuanzia bismillahi, polepole, akisita mwisho wa kila aya ili nimfikie.